Gari linachemsha? Uliza kwanza linachemsha lini

Mwalimu alifika gereji na Raum yake jioni moja, risiti tatu mkononi. Ya kwanza ya rejeta mpya, ya pili ya pampu ya maji, ya tatu ya gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku, pamoja na ufundi. Fedha yote hiyo ilimtoka ndani ya miezi miwili, na gari lilikuwa linachemsha vilevile.

Nikamuuliza, "Mwalimu, linachemsha lini?"

"Fundi, linachemsha tu."

"Asubuhi ukitoka nyumbani?"

Akafikiri kidogo. "Asubuhi hapana. Natoka saa 11, barabara nyeupe. Linachemsha jioni, nikishaingia foleni ya Mbagala."

Hapo nusu ya kazi ilikuwa imekwisha. Gari linalopoa likikimbia na kuchemsha likisimama limekosa upepo. Waliomhudumia mwanzo waliona feni inazunguka, wakaridhika, wakahamia kwenye spea. Nikafungua boneti, nikawasha AC ili feni iwake, nikachukua karatasi ya daftari nikaiegemeza mbele ya kondensa ya AC, iliyo mbele ya rejeta. Feni nzima huvuta upepo kutoka mbele kuelekea kwenye injini, kwa hiyo karatasi inatakiwa inate pale kama imegundishwa. Ile ilipeperuka ikaniangukia miguuni. Mota ya feni iliwahi kubadilishwa na nyaya zake zikaungwa kinyume, feni ikawa inasukuma upepo mbele. Barabara ikiwa nyeupe, upepo wa mwendo ulikuwa unaishinda feni na maji yanapoa. Kwenye foleni hakukuwa na wa kuishinda. Kugeuza nyaya mbili na kuzifunga vizuri kulinichukua dakika 10.

Mwongozo huu nimeuandika kwa sababu ya risiti zile tatu. Nimekaa zaidi kwenye magari madogo ya Toyota ya petroli, kwa kuwa ndiyo yaliyojaa barabarani kwetu, lakini njia ya kutafuta ni moja kwa karibu kila gari linalopozwa kwa maji.

Likianza kuchemsha ukiwa njiani

Kabla ya kutafuta ugonjwa, okoa injini. Mshale wa joto kwenye dashibodi ukianza kupanda kupita pale ulipozoea kukaa, zima AC, kisha fungua hita mpaka mwisho na feni yake ya ndani iwe ya juu kabisa. Utatoka jasho, lakini hita ni rejeta ndogo iliyo ndani ya dashibodi, na inaondoa joto jingi kwenye maji ya injini. Tafuta mahali salama pa kusimama na uweke alama zako za pembetatu.

Je, uzime injini? Inategemea. Kama unaona mvuke mwingi, maji yanamwagika, au mpira umepasuka, zima papo hapo, hata kama bado unatafuta pa kuegesha. Injini isiyo na maji huharibika kwa dakika chache sana. Kama maji yapo na mshale umepanda tu kwa sababu ya mlima, iache kwenye sailensa, yaani ingurume bila kukanyagwa mafuta, huku feni inazunguka na hita iko wazi. Ukiona mshale unashuka, vizuri. Mshale ukiendelea kupanda, zima, kisha rudisha swichi bila kupiga stata. Kwenye magari mengi yenye feni ya umeme, feni itaendelea kupuliza.

Na kama taa nyekundu ya betri imewaka pamoja na ya joto, usiende hata mita moja zaidi. Kwenye injini kama 1NZ ya Toyota, mkanda mmoja wa nje unazungusha pampu ya maji na altaneta inayochaji betri kwa pamoja. Taa hizo mbili zikiwaka kwa wakati mmoja, mara nyingi mkanda umekatika au umechomoka.

Sasa mfuniko wa rejeta. Kwenye mkono wangu wa kulia kuna alama tangu nikiwa mwanafunzi wa gereji, kwa hiyo hili nalisema kwa uchungu: usifungue mfuniko wa injini ya moto. Mfuniko umeandikwa 0.9 au 1.1, na namba hiyo ni presha unayoishikilia. Maji ya kawaida Dar es Salaam yanachemka kwa nyuzi 100, lakini chini ya presha ya mfuniko wa 1.1 hayachemki mpaka yafike karibu nyuzi 120. Kwa hiyo ndani ya rejeta kunaweza kuwa na maji ya nyuzi 115 ambayo yametulia kabisa. Ukifungua, presha inatoka, na maji yote yanataka kugeuka mvuke kwa mkupuo, usoni kwako. Subiri dakika 30 hadi 45. Bana mpira wa juu wa rejeta ukiwa na kitambaa mkononi. Ukiwa bado mgumu kama tairi, presha bado ipo. Ukilegea, weka kitambaa kinene juu ya mfuniko, zungusha mpaka kituo cha kwanza, acha ipumue, ndipo umalizie.

Ukiongeza maji, yasiwe ya baridi kwenye injini ya moto. Hedi ya aluminiamu ikipigwa na maji ya baridi ghafla inaweza kupinda au kupasuka. Injini ikishapoa, washa, mimina kidogo kidogo ikiwa kwenye sailensa.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni joto la kweli

Nimeshaona hedi ikifunguliwa kwa kosa la sensa ya bei ndogo. Mshale unasoma kile ambacho sensa imeuambia, na sensa inaweza kudanganya kwa pande zote mbili.

Upande wa kwanza: mshale uko kwenye nyekundu lakini injini haina joto la ajabu, hakuna harufu, mpira wa juu unashikika. Angalia plagi ya sensa kama ina kutu, kisha angalia waya wa atha (wa kurudisha umeme) kati ya injini na bodi. Mshale unaoruka juu pale tu unapowasha taa kubwa unaonyesha atha mbovu, maana joto la maji haliwezi kupanda kwa sekunde moja.

Upande wa pili ni wa hatari zaidi: maji yameisha kabisa na mshale umeshuka. Sensa imetengenezwa ikae ndani ya maji. Maji yakikauka inabaki hewani na inaweza kusoma chini ya joto halisi. Dereva anashukuru Mungu kwamba gari limepoa, na kilomita tatu mbele injini inanoki. Mshale uliokuwa juu ukashuka ghafla bila wewe kufanya lolote unatakiwa ukutie hofu kuliko ule uliobaki juu.

Tena magari madogo mengi ya siku hizi, kama Passo na Vitz nyingi, hayana mshale kabisa. Yana taa ya bluu ya injini baridi na taa nyekundu ya injini iliyochemsha, na katikati hakuna taarifa yoyote. Ikiwaka nyekundu, umeshachelewa. Kwa mwenye gari la aina hiyo ninamshauri anunue skana ndogo ya bluetooth inayochomekwa chini ya dashibodi na kusomwa kwenye simu. Gari zima likishapata joto linacheza kati ya nyuzi 85 na 97 hivi, feni ikiwaka na kuzima. Likigusa 105, zima AC uanze kufikiri. Likivuka 110, tafuta pa kusimama.

Hatua ya pili: maji yako wapi?

Fanya hivi asubuhi kabla hujawasha. Fungua mfuniko wa rejeta wenyewe, usiishie kwenye kopo la akiba. Kopo linaweza kujaa huku rejeta ina pengo la lita nzima, hasa mfuniko ukiwa mbovu. Mfuniko una vali mbili: moja inaachia maji kwenda kwenye kopo presha ikizidi, nyingine inayaruhusu yarudi injini ikipoa. Hiyo ya pili ikikwama, asubuhi utakuta mpira wa rejeta umebonyea kama umefyonzwa, kopo limejaa, na rejeta ina upungufu. Angalia raba ya mfuniko. Ikiwa imepasuka au imekauka, nunua mfuniko mwingine wenye namba ileile. Hii ndiyo spea ya bei ndogo kuliko zote kwenye mfumo, na ninaikuta mbovu mara nyingi mno. Kwa wenzetu wa Iringa na Mbeya ni muhimu zaidi, kwa sababu kule juu ya mita 1,500 maji yasiyo na presha yanachemka kwa nyuzi 95 hivi tu.

Kama maji yamepungua, yameenda mahali. Chukua tochi upite taratibu: maungio ya mipira na klipu zake, ukingo ambapo plastiki ya rejeta inakutana na aluminiamu, na chini ya pampu ya maji. Pampu ina kitundu kidogo cha kutolea machozi sili ya ndani ikichoka. Ukiona ukoko mweupe au wa pinki umetambaa kutoka pale, pampu inaaga. Ndani ya gari, gusa zulia upande wa miguu ya abiria wa mbele. Likiwa na unyevu wenye harufu tamu, na kioo kinapata ukungu wa mafuta, hita inavuja.

Usipoona kitu, nenda gereji yenye pampu ya kupimia presha. Inafungwa mahali pa mfuniko, inapigwa mpaka namba ya mfuniko, inaachwa dakika 15. Ikishuka, kuna tundu, na mara nyingi maji yatajionyesha yenyewe. Ikishuka na nje kote ni pakavu, maji yanaingia ndani ya injini. Weka hilo akilini tutalirudia.

Hatua ya tatu: lini?

Maji yamejaa, joto ni la kweli, na bado linachemsha. Hapa ndipo watu hukimbilia duka. Kaa chini kwanza ukumbuke mara tatu za mwisho ilivyokuwa: mwendo, mlima, AC, muda tangu ulipowasha.

*Linachemsha kwenye foleni, linapoa ukikimbia.* Ni upepo. Anza na karatasi ya mwalimu. Feni ikizunguka lakini karatasi ikanata kwa shida na kudondoka, mota imechoka au kava la feni limevunjika na upepo unavutwa kutoka pembeni. Feni isipozunguka kabisa hata maji yakiwa ya moto, washa swichi bila kupiga stata kisha chomoa plagi ya sensa ya joto la maji, au ya swichi ya feni kwenye magari ya zamani. Kwenye Toyota nyingi kompyuta au rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ikikosa taarifa huwasha feni kwa usalama. Ikiwaka, basi mota, fyuzi na rilei ni nzima, na kosa liko kwenye sensa au swichi. Isipowaka, angalia fyuzi, badilishana na rilei nyingine ya namba ileile kwenye boksi hilohilo, kisha ipe mota umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Usisahau kurudisha plagi. Taa ya injini ikibaki inawaka, skana itaifuta.

Kuna mtego mmoja hapa. Kwenye baadhi ya magari ya zamani swichi ya feni iko kwenye rejeta au upande wa maji yanayorudi. Themostati, ile vali inayoruhusu maji kupita kwenye rejeta injini ikipata joto, ikigoma kufunguka, maji ya moto hayafiki huko, swichi inaona baridi, feni haiwaki, na injini inaungua. Mtu anabadilisha feni bure. Kwa hiyo feni isipowaka, gusa rejeta kwanza: ikiwa baridi huku injini inachemsha, feni haina kosa.

Kwa wenye Hiace, Noah za zamani na Land Cruiser zenye feni inayoendeshwa na mkanda, feni hushikwa na klachi ya mafuta. Zima injini ikiwa ya moto, hakikisha funguo iko mfukoni mwako, izungushe feni kwa mkono. Inatakiwa ikatae kidogo. Ikizunguka kama pangaboi, klachi imekufa.

Na usafi. Kati ya kondensa ya AC na rejeta kuna nafasi ndogo ambayo huioni ukisimama mbele ya gari. Huko hukaa vumbi, mbegu za nyasi, wadudu na tope la masika, vikishikamana kama blanketi. Ingiza tochi kwa juu. Ukikuta blanketi, litolewe kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kwenda mbele. Presha kubwa ya kuoshea magari inalaza mapezi ya rejeta na kuziba kabisa ulichotaka kukizibua.

*Foleni linavumilia, likikimbia au likipanda mlima linachemsha.* Upepo upo wa kutosha. Kinachokosekana ni mzunguko wa maji au uwezo wa rejeta. Kwanza shuku rejeta iliyoziba ndani. Injini ikiwa ya moto, pima kwa kipimajoto cha mwanga, kile kinachofanana na bastola, au kwa mgongo wa mkono kwa uangalifu, ukishuka kutoka juu hadi chini na kutoka kushoto hadi kulia. Joto linatakiwa lishuke polepole bila kuruka. Sehemu ya baridi katikati ya moto ni mirija iliyoziba. (Kile kipimajoto hudanganyika kwenye aluminiamu inayong'aa, kwa hiyo kielekeze kwenye mipira na plastiki pale inapowezekana.)

Pili, mpira wa chini. Mtu akae kwenye usukani apige resi mpaka mizunguko 3,000 kwa dakika huku wewe unautazama. Ukijibana kama mrija wa juisi, umelainika, na pampu inaufyonza mpaka njia inafungwa. Kwenye sailensa hutauona ukifanya hivyo, ndiyo maana unawapita wengi. Tatu, pampu yenyewe: mapanga yake yaliyoliwa na kutu huzunguka bila kusukuma chochote cha maana. Hii huwapata zaidi waliotumia maji ya kisima miaka mingi.

Kitu kimoja kuhusu Kitonga, kwa kuwa wateja wengi huniambia "lilichemsha Kitonga". Ule mlima kati ya Ruaha Mbuyuni na Ilula unakuweka nyuma ya lori linalotambaa, gia ya chini, injini inafanya kazi kubwa, na upepo wa mwendo hakuna. Kwa maneno mengine unakupa foleni na mlima kwa pamoja, na gari lenye kasoro yoyote litasema pale. Ni jibu la kwamba kuna tatizo, lakini haliwezi kukuambia lipi. Rudi tambarare upime hali moja moja.

*Linachemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa.* Hapa ni themostati iliyogoma kufunguka, hewa iliyonaswa, au gasketi ya hedi. Washa injini baridi, shika mipira yote miwili kila baada ya dakika. Kwenye injini za Toyota za NZ na ZZ themostati iko upande wa mpira wa chini, kwa hiyo huo ndio unaobaki baridi mpaka ifunguke, kisha unapata joto. Mshale umepita katikati, unaendelea kupanda, na mpira wa chini bado ni wa baridi? Toa themostati uipime.

Kuipima hakuhitaji gereji. Mwezi uliopita niliipima moja kwenye jiko la mkaa la mama lishe aliye jirani yetu, kwenye sufuria ya zamani aliyonipa. Ifunge themostati kwa uzi uining'inize ndani ya maji isiguse chini, maana chini ya sufuria kuna joto zaidi kuliko maji yenyewe na kipimo kitaharibika. Weka kipimajoto. Namba imegongwa kwenye themostati, mara nyingi 82. Maji yakifika hapo, sahani yake inaanza kuinuka, taratibu sana, kama jicho linalofunguka asubuhi. Kwenye nyuzi 95 inatakiwa iwe imeinuka zaidi ya milimita 8. Ile niliyoipima siku hiyo ilikaa kimya mpaka maji yakatokota, ikainuka upande mmoja tu, ikabaki imeinama. Mwenye gari alisimama pale akiiangalia, na sikuhitaji kumweleza zaidi. Ukifunga mpya, kile kipini kidogo kinachochezacheza kikae juu; ndicho kinachopitisha hewa wakati wa kujaza maji.

*Linachemsha wakati wowote, mshale unapanda na kushuka.* Hewa ndani ya mfumo, au moto wa silinda unaoingia kwenye maji. Twende huko.

Hatua ya nne: gasketi ya hedi, na iwe ya mwisho

Gasketi ya hedi ndiyo inayotajwa kwanza na ndiyo inayotakiwa kushukiwa mwisho, kwa sababu kuifuata kuna gharama kubwa. Tafuta ushahidi zaidi ya mmoja kabla ya kukubali hedi ifunguliwe.

Kipimo ninachokiamini kwa mikono mitupu ni hiki. Gari limelala usiku kucha, baridi kabisa. Fungua mfuniko wa rejeta presha itoke, ufunge tena. Washa injini, na ndani ya dakika moja au mbili bana mpira wa juu. Maji bado ni baridi, hayajatanuka, hakuna sababu ya presha kuwapo. Ukiukuta umeshakuwa mgumu, gesi ya mwako inaingia kwenye maji.

Ushahidi mwingine: mapovu yasiyokoma kwenye mdomo wa rejeta. Machache mwanzoni ni hewa ya kawaida, lakini yanayoendelea hata baada ya injini kupata joto na kuongezeka ukipiga resi yana maana mbaya. Moshi mweupe mzito wenye harufu tamu kwenye eksozi, unaoendelea baada ya injini kupata moto (ule mvuke wa asubuhi ya baridi unaokwisha haraka hauhesabiki). Oili yenye rangi ya chai ya maziwa kwenye kijiti cha kupimia. Toa plagi zote za kuwashia moto uzipange kwa mfuatano. Moja ikiwa safi kama imeoshwa huku nyingine zina rangi ya kawaida, silinda hiyo inakunywa maji. Gereji zenye vifaa zina dawa ya bluu inayovutiwa hewa ya juu ya maji ya rejeta. Kwa injini ya petroli ikigeuka njano, gesi ya mwako ipo.

Oili inaweza kuwa safi kabisa na gasketi ikawa imekwenda, kwa sababu si lazima ipasuke upande wa njia ya oili. Usimruhusu mtu akuambie gasketi ni nzima kwa kuangalia kijiti peke yake.

Ukishathibitisha na hedi ikafunguliwa, dai ipimwe kwa rula ya chuma na visu vya kupimia nafasi. Kwa 1NZ kiwango cha mwisho cha kupinda upande wa bloku ni milimita 0.05, nyembamba kuliko unywele wa watu wengi. Gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda itadumu wiki chache. Na gasketi haifi bila sababu: aliyechemsha kwa feni mbovu akaunguza gasketi, akibadilisha gasketi bila feni, atarudi.

Dawa zinazoficha ugonjwa

Kuna mambo matatu hufanyika kwenye gereji zetu ninayoyapinga waziwazi, ingawa najua wenzangu wengi huyafanya kwa nia ya kumsaidia mteja.

La kwanza ni kung'oa themostati na kuitupa. Gari litaonekana limepona, hasa kwenye joto la Pwani. Lakini injini sasa inakimbia ikiwa baridi, kompyuta inadhani bado ni asubuhi na kumwaga petroli zaidi, na oili haipati joto la kukausha unyevu wake. Na kwenye injini ambazo themostati yake ina diski ya pili kwa nyuma, ile diski kazi yake ni kufunga njia ya mkato maji yakishapata moto. Ukiing'oa, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na mlimani gari litachemsha kuliko mwanzo.

La pili ni kuunga feni moja kwa moja na swichi ya gari. Kama dharura ya kufika nyumbani, sawa. Ikiwa ya kudumu, mota inaisha mapema, na siku ikifa hakuna atakayejua.

La tatu ni unga wa manjano, yai au dawa ya kuzibia matundu ndani ya rejeta. Vinaziba tundu kweli. Vinaziba pia mirija ya rejeta na ile midogo zaidi ya hita. Kijijini usiku, ukiwa na watoto kwenye gari, vitumie ufike. Kesho yake mfumo uoshwe na tundu lizibwe inavyostahili.

Maji ya kisima nayo, hasa yale ya chumvi ya Dar es Salaam, yanaacha magamba ndani na kula aluminiamu. Tumia kulanti (kimiminika maalumu cha kupozea injini) inayofaa gari lako, nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa. Yale ya kuongezea betri yanafaa, ila hakikisha chupa ni ya maji na haina asidi. Rangi ya kulanti haina sheria moja kati ya kampuni na kampuni, kwa hiyo soma maandishi ya chupa, usichanganye kwa kulinganisha rangi.

Hatua ya mwisho: jaza, toa hewa, jaribu palepale

Baada ya kurekebisha, egesha gari pua ikiwa juu kidogo. Hita ifunguliwe ya moto kabisa, mfuniko uwe wazi, mimina taratibu mpaka mdomoni. Washa, acha sailensa, bana na kuachia mpira wa juu mara kwa mara. Kila ukibana utaona povu linatoka na maji yanashuka. Ongeza. Endelea mpaka feni iwake na kuzima mara mbili na hita ndani ipulize hewa ya moto. Hita ikipuliza ya baridi, hewa bado imenaswa. Funga mfuniko, jaza kopo la akiba mpaka mstari wa juu.

Kisha lipeleke gari kwenye hali ileile lilikokuwa likichemsha. Lililochemsha kwenye foleni halijapona kwa kuzunguka mtaa usiku. Mwalimu na mimi tulitoka saa 11 jioni, AC imewashwa, tukaingia foleni ya Mbagala kwa makusudi, skana imeegeshwa kwenye dashibodi. Ilipanda 96, feni ikawaka, ikashuka 90. Ikapanda tena, ikashuka tena. Tulikaa pale dakika 40. Asubuhi yake, kabla ya kuwasha, alifungua mfuniko wa rejeta akanipigia simu: maji yalikuwa mdomoni, palepale tulipoyaacha.